Mguu Umepona, Usiku Bado Unauma

Siku plasta inapokatwa, nyumba nzima hushusha pumzi. Mtoto amekaa wiki nne, tano, pengine sita akibebwa hata kwenda chooni. Sasa mguu uko nje: umekonda kuliko mwenzake, ngozi imekauka na inabanduka, vinyweleo vimeota mahali ambapo havikuwapo. Daktari ameinua eksirei mpya kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akasema mfupa umeunga. Watu wamelipa, wamerudi nyumbani. Majuma machache baadaye, mtoto yuleyule aliyeshinda kutwa akifukuza mpira vumbini anaamka usiku wa manane: "Mama, muguu inauma."

Hapo kikao cha familia huanza, saa nane za usiku. Kambo anasema mfupa uliungwa vibaya, aitwe mzee wa kukanda. Baba anasema mtoto anadeka, alizoea kubebwa. Jirani, aliyesikia kilio kupitia ukutani, ana vidonge vilivyobaki vya mwaka jana. Mama ndiye aliyempakata mtoto, na ndiye pekee asiyejua aseme nini.

Mazungumzo ya leo, wasikilizaji, ni kwa ajili ya mama huyo, na tumuweke Kasapa, upande ule wa Lubumbashi ambao nchi nzima inaujua kwa mambo mawili, chuo kikuu na gereza. Wakazi wake wanajua mengine. Wanajua baridi ya Juni na Julai. Jiji liko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na kiangazi anga halina wingu la kuzuia joto la mchana lisipotee. Jua likishazama, ubaridi unaingia chini ya mlango na kupanda hadi kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Mguu uliotoka kwenye plasta mwezi Mei unakutana na msimu huo ukiwa bado dhaifu.

Mfupa uliovunjika ndio wa kwanza kushtakiwa, na mara nyingi hauna hatia. Mifupa ya watoto huunga kwa kasi ambayo mtu mzima angeitamani. Muundi wa mtoto wa miaka miwili huweza kushikana kwa wiki tatu au nne. Paja la mtoto wa miaka minne au mitano huchukua kama wiki sita. Mahali mfupa ulipounga, mwili hujenga uvimbe mgumu, kama donge la fundi wa kulehemu kwenye bomba, kisha huupiga msasa kidogo kidogo kwa miezi, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka. Mama anayepitisha kidole kwenye muundi wa mwanawe akahisi nundu hana sababu ya kuogopa, mradi nundu hiyo haina joto, haikui, na mtoto hashtuki ikiguswa.

Kuna jambo jingine ambalo madaktari wa mifupa hulitarajia na wazazi huletewa na majirani kama habari mbaya. Paja la mtoto likivunjika, damu nyingi hukimbilia pale kuujenga mfupa, na mfupa hukua kupita mwenzake. Kwa kawaida ziada hiyo huwa sentimita moja hivi, na hutokea zaidi kwa watoto wa kati ya miaka miwili na kumi, ndani ya mwaka mmoja au miwili baada ya ajali. Ndiyo maana daktari mzoefu wakati mwingine huacha ncha mbili za mfupa wa mtoto zipitane kidogo badala ya kuzisimamisha zikitazamana sawasawa: anajua mguu utajirefusha wenyewe. Tofauti isiyofika sentimita mbili mara nyingi haihitaji tiba yoyote.

Basi nini kinauma? Zaidi ya yote, misuli. Wiki tano za kutotumika huiyeyusha misuli ya paja na ya shavu la mguu, na kifundo kilichofungwa husahau kujikunja. Mtoto hasubiri misuli irudi. Siku anapogundua kwamba anaweza kukimbia, anakimbia, tena barabarani, na kesho yake tena. Mchana mchezo humsahaulisha. Usiku hakuna mpira wala wenzake, kuna giza na mguu. Tena homoni ya mwili inayosaidia kutuliza uvimbe hushuka saa za usiku, kwa hiyo maumivu yaleyale hujitokeza zaidi. Kudeka hakumo katika hesabu hii, au kumo kwa sehemu ndogo sana, na mtoto aliyeambiwa saa nane za usiku kwamba anadanganya hulia kwa sababu mbili badala ya moja.

Halafu kuna yale maumivu ya miguu ya watoto ambayo huja hata kwa mtoto asiyewahi kuvunjika kitu. Daktari Mfaransa Marcel Duchamp aliyaandika mwaka 1823 akayahusisha na kukua, na tangu hapo familia za dunia nzima zimesema hivyohivyo: ni mifupa inarefuka. Ushahidi haukumuunga mkono. Maumivu hayo hushika zaidi watoto wa miaka mitatu hadi kumi na miwili, wala hayafuati vipindi ambavyo mtoto hurefuka upesi. Hata hivyo yapo, tena ni mengi: utafiti wa Evans na Scutter uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu watoto wa miaka minne hadi sita huko Australia Kusini uliyakuta kwa zaidi ya theluthi moja ya watoto. Mtoto wa Kasapa aliyevunjika mguu huenda yuko katika umri huohuo. Anaweza kuwa nayo bila mfupa wake kuhusika, na wazazi, wakiwa bado wanaikumbuka ile ajali, wakaona kila kilio kinatoka mahali palepale.

Mama anaweza kuanza kutofautisha kabla hata hajawasha taa. Amwambie mtoto aonyeshe panapouma. Mtoto anayepitisha kiganja kizima juu ya paja, nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, leo mguu huu na juzi ule, au yote miwili, anaonyesha misuli. Mtoto anayeweka kidole kimoja mahali pamoja, usiku baada ya usiku palepale, anaonyesha kitu cha kupelekwa kwa daktari. Kisha amguse. Mwenye maumivu ya misuli huupenda mkono, huuvuta urudi. Mwenye uambukizo au ugonjwa ndani ya mfupa au kwenye kiungo huukimbia.

Akishaona kwamba mkono unapokewa, kazi ni ya mkono. Si kukanda kwa nguvu. Mafuta kidogo ya kujipaka, yapashwe kati ya viganja, kisha mkono upande polepole kutoka kifundo cha mguu kwenda gotini, na kutoka gotini kwenda juu ya paja, kwa dakika tano au kumi. Kidole gumba kisitumike kutafuta mahali palipovunjika. Baada ya hapo, mguu unyooshwe taratibu: mtoto amelala chali, goti limenyooka, mama anashika wayo na kusukuma vidole kuelekea usoni kwa mtoto hadi shavu la mguu likaze, anahesabu polepole hadi ishirini, anaachia. Mara tatu. Kisha anauinua mguu mzima ukiwa umenyooka mpaka mtoto aseme inavuta. Hapo anasimama. Mwaka 1988 watafiti Baxter na Dulberg walieleza jinsi watoto waliokuwa wakinyooshwa misuli na wazazi wao kila siku walivyopata nafuu mapema kuliko wale ambao wazazi wao walipewa maneno ya kuwatuliza tu. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini ni tiba isiyo na gharama na isiyo na madhara ikifanywa kwa upole, na ni dawa chache zinazoweza kujisifu hivyo. Daktari akisema mfupa uko tayari, mnyoosho wa jioni kabla ya kulala hufaa kuliko ule wa saa nane za usiku, kwa sababu huwahi maumivu yasianze.

Joto pia husaidia. Chupa ya plastiki yenye maji ya uvuguvugu, imefungwa katika kitenge, inawekwa kando ya shavu la mguu. Mama aijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono wake, kwa kuwa ngozi iliyotoka kwenye plasta ni laini na huungua upesi. Na hapa Lubumbashi inabidi jambo moja lisemwe bila kuzungukazunguka. Nyumba nyingi hupikia makala, na usiku wa Julai mbabula yenye moto hushawishi. Isiingizwe chumbani. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na mtoto hulemewa nayo haraka. Soksi, suruali ndefu ya kulalia na blanketi la pili vinatosha.

Dawa? Ikibidi, parasetamo, na kwa kipimo. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 14 basi hupata kati ya miligramu 140 na 210 kwa mara moja, akae saa sita kabla ya kurudia, na zisizidi mara nne katika saa 24. Kosa la kawaida liko kwenye chupa ya sharubati. Kuna chupa zenye miligramu 120 au 125 katika mililita tano, na kuna zenye 250, na vijiko vya nyumbani havilingani. Anayebadilisha chupa bila kusoma karatasi yake anaweza kumpa mtoto mara mbili ya alichokusudia. Ibuprofeni hufaa pia baada ya chakula, ila si kwa mtoto anayetapika au kuharisha. Aspirini iachwe kabisa kwa watoto. Douglas Reye, mtaalamu wa magonjwa wa Sydney, alieleza mwaka 1963 ugonjwa unaoshambulia ini na ubongo wa mtoto, na baadaye ukaonekana kuhusiana na aspirini aliyopewa mtoto mwenye homa ya virusi. Vile vidonge vya jirani, basi, virudishwe kwa shukrani.

Sindano nayo isiombwe. Wako wazazi wanaoona tiba haijakamilika bila sindano, na wako wauza dawa wanaokubali kuichoma. Sindano iliyochomwa vibaya kwenye tako la mtoto hugusa mshipa mkubwa wa fahamu na kumwacha akiburuta mguu. Ingekuwa hasara ya ajabu, mguu uliopona mfupa kulemazwa kwa ajili ya maumivu ambayo mkono wa mama ungeyatuliza.

Na yule mzee wa kukanda anayetajwa na kambo? Heshima yake ibaki. Mifupa mingi ya Kongo iliungwa na watu kama yeye kabla eksirei ya kwanza haijafika Katanga, na hata leo familia humwendea kwa kuwa yuko karibu na bei yake hupatanwa. Lakini mfupa ambao eksirei imeonyesha kuwa umeunga hauhitaji kuvunjwa upya wala kufungwa vijiti vya kubana. Vifungo vinavyokaza mno huzuia damu, na vimewahi kuwagharimu watoto wa Afrika vidole na hata miguu. Chale za wembe juu ya ngozi hufungulia wadudu mlango wa kufikia mfupa. Akipaka mafuta na kupapasa, hana kosa.

Sasa tufike kwenye swali ambalo mama wa Kasapa hapaswi kulikwepa: mtoto huyu amewahi kupimwa SS?

Selimundu, au SS kama familia nyingi za Kongo zinavyoiita, ilielezwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitabibu na James Herrick wa Chicago mwaka 1910, mwaka uleule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilipoanzishwa. Kongo ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo. Dokta Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga 31,204 huko Kinshasa, wakachapisha matokeo mwaka 2009: asilimia 1.4 walikuwa na SS yenyewe, na asilimia 16.9 walikuwa wabebaji. Kwa mtoto wa SS chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo, na mifupa mirefu ya miguu ni mojawapo ya mahali zinapomtesea. Baridi huziamsha. Kukosa maji huziamsha. Mtoto aliyekimbia kutwa kwenye vumbi la kiangazi, hakunywa maji, kisha akalala kwenye baridi ya Julai amezipa vyote viwili.

Kwa hiyo mtoto mwenye maumivu makali ya miguu usiku, aliye na macho ya manjano, au aliyewahi kuongezwa damu, au aliyevimba mikono na miguu akiwa mchanga, asiambiwe ni mfupa wa zamani. Tone la damu linatosha kwa kipimo cha haraka, na kipimo cha maabara huthibitisha. Ni afadhali kujua akiwa na miaka mitatu kuliko kugundua katika chumba cha dharura. Mtoto wa SS pia hupata uambukizo ndani ya mfupa kwa urahisi zaidi, mara nyingi kutokana na salmonela, na mwanzoni uambukizo huo hufanana sana na shambulio la kawaida la maumivu.

Usiku hutisha kuliko unavyoeleza. Asubuhi ndiyo inayotoa ushahidi. Mtoto aliyelia saa nane akaamka saa kumi na mbili akakimbia uani kudai chai kwa kawaida hana ugonjwa mkubwa katika mguu, hata kama kilio kitarudi mara mbili kwa juma. Kuchechemea kidogo katika wiki za mwanzo baada ya plasta ni jambo la kawaida, mradi kunapungua juma hadi juma. Kuchechemea kulikoisha kisha kukarudi ni habari nyingine. Homa pamoja na maumivu ya mguu ni safari ya siku hiyohiyo, isisubiri Jumatatu. Kadhalika uvimbe wenye joto, wekundu, usaha unaotoka kwenye ngozi, mtoto anayekataa kabisa kukanyaga, anayekonda, anayepauka au kutoka michubuko bila kugongwa. Mara chache sana huko ndiko saratani ya damu hujitangazia, kwa mtoto anayelalamika mifupa usiku. Maneno hayo hayasemwi ili kutisha nyumba. Yanasemwa kwa sababu daktari akiyasikia mapema ana la kufanya.

Chakula nacho kitajwe, ingawa si dawa ya usiku mmoja. Bukari peke yake hujaza tumbo na kuunyima mfupa kalisi. Tom Thacher na wenzake walionyesha mwaka 1999, katika utafiti wao Nigeria, kwamba watoto waliopinda miguu kwa matege walikuwa wakipata kalisi kidogo mno, na kwamba kuongezewa kalisi kuliwasaidia kuliko vitamini D peke yake. Nigeria ina jua tele kama Katanga. Kilichopungua kilikuwa kwenye sahani. Dagaa na kapenta wanaoliwa na mifupa yao, lengalenga, sombe iliyopikwa ikaiva sawasawa, maziwa yakipatikana, hivyo ndivyo mtoto anayejenga mfupa awekewe kando ya bukari.

Mama aliyekesha atasahau, kwa hiyo aandike. Daftari la shule la kurasa chache linatosha: tarehe, saa, mguu upi, mtoto alionyesha kwa kiganja au kwa kidole, alipewa nini, na aliamkaje. Majuma mawili ya mistari hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa ya familia inayobishana. Maumivu yakidai parasetamo karibu kila usiku kwa majuma hayo mawili, mtoto arudi hospitalini hata kama kila asubuhi anakimbia.

Na akienda, iwe Hospitali ya Jason Sendwe, iwe Cliniques Universitaires, iwe kituo cha afya cha karibu, abebe zile eksirei za zamani. Katika hospitali nyingi za Kongo picha hukabidhiwa mgonjwa, na nyumbani huishia juu ya kabati, zimekunjwa, au watoto wamezigeuza madirisha ya vibanda vyao vya kuchezea. Daktari akiiweka picha ya siku ya ajali kando ya ile ya siku plasta ilipotolewa, ataona mfupa ulivyosafiri na kujua kama picha mpya inahitajika au pesa hiyo inunue maziwa. Zitafuteni leo, wasikilizaji, zifuteni vumbi, muandike tarehe kwenye bahasha, na muzilaze bapa mahali pasipofika unyevu.